Ratiba ya Idi Niliyoitundika Mapema

Siku ya kwanza nilifika kituo cha basi cha Khuwair ya Kusini, hapa Omani, saa nzima kabla hakijafunguliwa, na kwa hofu nikatapika nyuma ya benchi. Naandika kwa nyinyi mtakaokaa dirisha la tiketi baada yangu. Nimelikaa miaka minane, na kesho nahamia ofisini.

Wakati ule kituo kilikuwa kivuli cha bati, dirisha la tiketi na ubao wa ratiba. Chumba cha kungojea chenye kiyoyozi na chumba cha kusalia vilikuja baadaye. Hakuna aliyenifundisha kazi. Nilikariri ratiba za zamani nyumbani, mpaka mama akasema nazisoma kama uradi.

Msimamizi wa Kituo, Bi Zuwena, alinipa amri moja: ubao haubadilishwi bila karatasi yenye sahihi yake.

Niliivunja. Magharibi ya ishirini na tisa Ramadhani, shangazi alipiga simu kutoka Unguja: mwezi umeandama. Nikaogopa kuchelewa kuubadilisha ubao. Nikatundika ratiba ya Idi, basi la kwanza saa tatu asubuhi, nikafunga kituo. Tangazo la Omani lilinikuta jikoni: mwezi haukuonekana, kesho tunafunga. Alfajiri nilikimbia kuurekebisha ubao, lakini abiria wa jioni walikuwa wameshausoma.

Mmoja wao, Baraka, Mkenya wa kiwanda cha mabomba kule Rusayl, alikuja saa mbili unusu. Basi lake lilikuwa limeshaondoka saa kumi na mbili unusu.

"Dada, nyapara alisema nikichelewa tena nisirudi."

Nikaanza kulia, nikamwambia Bi Zuwena naacha kazi.

"Utalia ndani ya basi," akasema. "Nenda naye. Dirisha nnalikaa mimi."

Njia nzima nilijifunza maneno ya Kiarabu ya kumwambia nyapara, na getini yakanipotea yote. Nikasema tu kwamba Baraka alisoma nilichokiandika, na mwenye kosa ni mimi. Nyapara akauliza kama nimetoka Khuwair kwa hilo tu. Nikasema ndiyo. Akamwonyesha Baraka kwa kidole zilipo kofia za kazi. Baraka akaenda mbio, hata hakuniaga.

Nanyi mtakosea. Mimi niliapa sitokosea tena, nikakosea mara mbili nyingine. Zote nilipanda basi, nikaenda mwenyewe kusema kosa ni langu.