Bi Hester Pobjoy Hakuomba Ruhusa

Kanisa letu la Tazeley liko juu kilimani, sisi wenyewe tuko chini bondeni, na katikati kuna shamba ambalo tangu enzi za mababu linaitwa Kazi Bure. Tauni ndiyo iliyotupanga hivi. Zamani nyumba zote zilikuwa juu, zimelizunguka kanisa kama vifaranga. Tauni ikafagia, waliobaki wakashuka kando ya kijito kuanza upya, na kanisa, kwa kuwa halina miguu, likabaki. Wazo la kujenga jingine huku chini lina miaka mia sita sasa, na baraza la parokia bado linalitafakari.

Kwa hiyo kuna njia. Inaanzia nyuma ya nyumba ya mwisho, inavuka ua wa miiba kwa ngazi ya mbao, inakata matuta ambayo maksai wa zamani waliyalima na kondoo wa leo wanayalalia, inavuka mtaro kwa jiwe, inapita kwenye jiwe bapa ambapo wachukuzi wa jeneza walikuwa wakimtua marehemu ili wapumue wao, kisha inaingia makaburini. Kwa mtu mzima ni dakika kumi na mbili. Kwa Bi Hester Pobjoy, mwenye miaka sabini na tisa, ni dakika kumi, maana yeye hasimami njiani kuzungumza habari za mvua.

Nyumba ya mwisho ni yake. Alizaliwa humo, akaolewa humo na Walter, fundi wa kusuka nyua za miiba, na kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi wa shule yetu. Nusu ya watu wazima wa parokia hii mpaka leo wakisikia harufu ya kabeji wanakaa wima. Walter amelala juu kanisani, upande wa mashariki. Na Bi Hester anapiga kengele ya tatu kati ya sita za mnara wa kanisa. Aliishika kamba ile akiwa na miaka kumi na minne, wakati wanaume sita wa mnarani walipomwambia hii si kazi ya wasichana. Akawajibu, "Kengele imewaambia lini kwamba inajali nani kavaa sketi?" Amewazika wote sita.

Sasa, ugomvi. Kazi Bure lilikuwa la Mzee Godfrey Tranter, aliyekuwa pia mwamuzi wa vyakula vya chupa katika maonyesho yetu ya mavuno. Mwaka mmoja Bi Hester alipeleka jamu ya forosadi, kutoka mti wake mwenyewe. Mzee Tranter akaonja, akafikiri, akaandika kwenye kadi: "Rangi nzuri. Imeungua kidogo." Tangu siku hiyo hawakusemezana kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Alhamisi jioni tukipanda kwenda mazoezi ya kengele, na kila Jumapili asubuhi, mzee alikuwa ameegemea lango lake. Bi Hester akipita aliangalia mawingu. Mzee aliangalia kondoo. Sisi wengine tuliofuata nyuma tuliangalia viatu vyetu.

Mzee Tranter akafa akiwa na miaka tisini. Akazikwa hatua mbili kutoka kwa Walter. "Kafanya makusudi," alisema Bi Hester.

Shamba likanunuliwa na Bwana Crispin Velling, mtu wa London, mpole, mwenye buti safi. Mwezi wa pili akatia kufuli langoni na kuzungushia ngazi ya ua seng'enge, akatuandikia barua ya heshima kwamba, kwa kadiri anavyoona, hakuna njia hapo. Tukacheka. Tukaenda kutazama ramani rasmi ya njia, tukaacha kucheka. Haikuwepo. Zamani, serikali ilipoagiza kila parokia ichore njia zake, karani wetu alizichora zote isipokuwa hii. Pembeni aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba njia ya kanisani kila mtu anaijua, kwa hiyo hakuna haja ya kupoteza wino.

Kuna barabara, ndiyo. Inazunguka maili mbili, haina pa kutembea, na malori ya maziwa yanaipita kama yanafukuzwa. Goti la Bi Hester linaweza kilima lakini haliwezi lori. Binti yake, Maureen, akaja kutoka mji wa Swindon na vipimo vya pazia.

"Mama, chumba kiko tayari. Ghorofa ya nne, lakini kuna lifti."

"Na kengele?"

"Kuna kengele ya mlango, Mama."

Bi Hester akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Nilikulisha vizuri wewe," akasema. "Sijui ilikwenda wapi."

Lakini nilimwona akipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, dirisha analolionea kanisa kutokea jikoni, kama mtu anayeaga.

Matumaini yetu yalikuwa kwenye sheria. Afisa wa njia kutoka makao makuu ya kaunti, Bi Nirmala Pask, alitueleza: mkithibitisha kwamba watu wamepita hapo miaka ishirini, bila kutumia nguvu, bila kujificha, na bila kupewa ruhusa, basi njia ni ya umma na itachorwa. Tukashangilia. Miaka ishirini? Sisi tuna mia sita! Mashahidi thelathini na wanane wakajiandikisha, na hilo neno la mwisho, la ruhusa, hakuna aliyelitilia maanani.

Siku ya kusikilizwa mbele ya Bi Pask, ukumbi wa parokia ulijaa. Chai ilichemka, keki zilikatwa, mvua ikanyesha kwa adabu. Wakili wa Bwana Velling alikuwa mwembamba, na alikuwa na swali moja tu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Alban Fry, mzee wa kanisa, kavaa tai. Alisema amepita Kazi Bure miaka arobaini na minne.

"Na uliomba ruhusa?" akauliza wakili kwa upole.

"Bila shaka niliomba!" akasema Bwana Fry, akiwa amekasirika kabisa. "Mimi si mshenzi. Kila Krismasi nilimwandikia Tranter kadi, kumshukuru kwa kuturuhusu."

Wakili akafungua bahasha, akaitoa kadi moja. Akatoa ya pili. Akaendelea. Zilikuwa arobaini na nne, nyingine zina picha ya ndege mwekundu kwenye theluji. Familia ya marehemu ilizihifadhi zote, kwa kuwa huku kwetu kadi hatutupi.

Bi Pask akashusha kalamu. "Bwana Fry, samahani. Aliyepewa ruhusa hahesabiki."

Akafuata Daphne Loveridge wa posta. "Mimi kadi sikuandika," akasema haraka. Tukapumua. "Nilimpelekea mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya... kuomba kupita."

"Daphne!" ukumbi mzima ukalia.

"Sasa ningepita tu? Kwenye shamba la mtu? Mikono mitupu?"

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mmoja aliomba kwa simu. Mmoja aliomba mara moja mwaka ambao mimi sijazaliwa, kisha akaomba tena kwa hofu kwamba ile ya kwanza imepitwa na wakati. Daktari alikuwa akimwomba mbwa wa mzee. Hatukuwahi kujua kwamba adabu ni ugonjwa wa kuambukiza mpaka tulipoona mashahidi wanaanguka mmoja mmoja, kila mmoja akirudi kwenye kiti chake na kipande cha keki na aibu yake. Tukabaki sisi wapiga kengele sita.

"Na nyinyi?" wakili akaniuliza mimi. "Hamkuomba?"

"Tulimfuata Bi Hester."

"Hamkufikiri kusimama na kumwomba mwenye shamba?"

"Ukisimama, Bi Hester anakuacha. Na ukimkuta mnarani umechelewa, ni heri lori la maziwa."

Watu wakacheka, lakini Bi Pask aliandika kitu na kututazama kwa huruma. Watano wetu tulikuwa bado vijana wa kamba; hakuna aliyefikisha miaka kumi ya kumfuata. Miaka ishirini ilikuwa mgongoni mwa mtu mmoja.

Bi Hester akasimama. Alivaa kofia ya mazishi.

"Umepita hapo tangu utotoni," akasema wakili. "Jirani yako wa karibu. Na miaka hii yote hukumwomba Bwana Tranter hata mara moja?"

"Nimwombe *yeye*?"

Bwana Fry alifumba macho kwa raha.

"Kwa nini hukumwomba, Bi Pobjoy?" akauliza Bi Pask. "Lazima niandike sababu."

Parokia nzima tunaijua ile habari, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuitamka. Tangu siku ile ya maonyesho hakuna aliyesikia neno "forosadi" kinywani mwake. Nikaona mkono wake umeshika kiti cha mbele. Maureen, nyuma, alikuwa na vipimo vya pazia mkobani.

"Alisema jamu yangu imeungua," akasema Bi Hester. "Mbele ya watu. Nikaapa sitamsemesha. Basi sikumsemesha. Na mtu usiyesema naye utamwombaje ruhusa?"

Kalamu ya Bi Pask ilikuwa imesimama hewani. "Na... iliungua?"

"Andika, mwanangu: haikuungua."

Wakili hakushindwa hivi hivi. Akasema kama walikuwa maadui, basi bila shaka mzee alimkataza, na aliyekatazwa akapita kwa ukaidi hahesabiki pia. Mzee hakumkataza, lakini Bi Hester atathibitishaje neno ambalo halikusemwa?

Ndipo Len Mapp akanyanyuka kutoka pale kwenye birika la chai. Len alikuwa mfanyakazi wa Mzee Tranter tangu ujana, na husema sentensi mbili kwa mwaka. Siku hiyo alitumia akiba yote.

"Lile jiwe la kuvukia mtaro," akasema. "Nililiweka mimi. Miaka ishirini na sita iliyopita. Mzee aliniambia, Len, weka jiwe pale. Yule mwanamke atavunjika mguu, kisha kengele ya tatu itapigwa na Fry, na mimi masikio bado ninayo. Weka, na usimwambie. Na kila Juni nilikata upupu wa njia nzima. Alisimama langoni kuhakikisha nimekata."

"Nilidhani ni baraza la parokia," akasema Bi Hester, taratibu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Baraza la parokia! Hata wajumbe wa baraza walicheka. Bi Hester peke yake alikaa chini na kuvua kofia, akaishika magotini, akaitazama kana kwamba imeandikwa kitu ndani.

Bi Pask alisema mwenye shamba anayewawekea wapitaji jiwe na kuwafyekea njia, na asiseme neno, ameikubali njia bila kumpa mtu ruhusa yoyote. Baada ya wiki saba barua ikaja. Njia ya Kazi Bure itachorwa, na wino utapotea.

Bwana Velling aliitoa seng'enge kwa mikono yake mwenyewe, akakwaruzika, na buti zikawa na tope kwa mara ya kwanza, tukaanza kumpenda. Alhamisi ile ile alikuja nyuma yetu. "Samahani," akaita, "ninaweza kupita nanyi, kwa ruhusa ya—"

"Usiombe!" tukapiga kelele sote saba, pamoja na Bwana Fry, aliyetuombea heri kutoka kwenye ngazi.

Bi Hester alikuwa mbele kama kawaida. Kwenye mtaro alikanyaga jiwe, akasimama juu yake. Hajawahi kusimama. Sisi nyuma tukagongana. Kisha akaendelea, akaingia makaburini, akamgusa Walter begani, yaani pale jiwe lake lilipo, na badala ya kwenda moja kwa moja mnarani akasogea hatua mbili zaidi.

"Godfrey," akasema.

Tukaangalia viatu vyetu, kama desturi.

"Haikuungua." Upepo ukapita kwenye majani. Akavuta glavu zake, akageuka kuelekea mlango wa mnara, kisha akasema bila kutazama nyuma, "Chini ya sufuria kidogo, labda. Haya nyinyi, kamba zinangoja."