Filta Iliyokoza Zaidi

Jana nilisimama dirishani hapa Kasulu na filta mbili nyekundu mkononi, nikichagua ya kuvalisha kamera yenye filamu ya infraredi. Moja ina wekundu wa juisi ya choya, nyingine imekoza hata huoni kitu. Ungenicheka, rafiki yangu: mpiga picha mzima anaogopa vioo viwili. Ni aibu ya zamani, na leo naisema.

Nilikulia Kibondo kwa bibi, uani kukinuka muhogo uliovundikwa. Jirani yetu, mwalimu kutoka Tanga, aligeuza stoo yake kuwa chumba cha kusafishia picha. Nilimchotea maji, naye akaniacha nitazame akichapa picha chini ya taa nyekundu. "Nyekundu haiunguzi," alinifundisha. Alimaanisha karatasi za kuchapia picha. Mimi nikadhani ni kila kitu.

Alipopata uhamisho alibakiwa na filamu moja ya infraredi, ile inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, majani yakatoka meupe kama unga wa muhogo. Bibi hakuwahi kupigwa picha maishani, mwalimu akaamua kumpiga yeye kwa filamu hiyo. Akaoga, akavaa kitenge cha kanisani, akasimama mbele ya migomba yake. Mwalimu alikuwa na filta mbili kama hizi zangu; alichagua ya rangi ya choya, inayopitisha mwanga zaidi, ili asimsimamishe muda mrefu.

Kisha akaenda shuleni kuaga, kamera akaiacha stoo. Nikaingia. Nilitaka tu kumwona bibi kabla ya wengine. Nikafunga mlango, nikachagua filta iliyokoza zaidi nikiamini ndiyo salama zaidi, nikafunika nayo tochi, nikafungua kamera. Niliona utepe wa kijivu tu. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mwanga unaopenya kioo kile ndio hasa unaounguza filamu ile.

Mwalimu aliisafisha ikatoka nyeusi tupu. Akaja kuomba radhi, akisema huenda joto limeiharibu. Bibi alizoea kutuambia mficha uchi hazai, nami nikauficha, nikaendelea kumenya muhogo.

"Usijilaumu, mwalimu," bibi akasema. "Uso wangu ndio haukai kwenye picha."

Tangu hapo, kila harusi mpiga picha alipofika, bibi aliondoka kimya asije akawaharibia wenzake picha. Siku hizi stoo haipo, migomba imekatwa, na bibi tulishamzika. Albamu za harusi ninazo zote. Ndugu wamo, mimi nimo mbele nacheka. Bibi yuko jikoni.