Mpira Uliopigwa Baada ya Filimbi

Gongo la Nadra la kuchezea mpira halikulala nyumbani kwao. Lililala Mlandege, dukani kwa Bi Tahiya, chini ya meza ya kukatia vitambaa, limezungushiwa kipande cha khaki kilichobakia kwenye sare za skuli. Bi Tahiya alikuwa na cherehani tatu, na Nadra, msichana wa miaka ishirini na tatu, ndiye aliyekalia ile ya karibu na mlango. Alasiri ikishasaliwa, Nadra huinama akalivuta gongo lake, akabadilisha viatu, akashika njia ya uwanjani. Kila siku Bi Tahiya humwambia neno lile lile: "Nenda, lakini mimi sijakuona."

Sababu ya gongo kulala ugenini ilijulikana mtaani kwao Kiponda. Miaka miwili nyuma, wakati ndugu wawili wanacheza mpira wa magongo viwanja vya Mnazi Mmoja, mpira uliruka ukampiga Munir, kaka yake Nadra, ukampofua jicho la kushoto. Aliyeupiga ni Nadra. Mama yao, Bi Mwatima, alirudi kutoka hospitali siku ile akasimama ukumbini akasema gongo halitavuka tena kizingiti chake. Kucheza hakumkataza. Alinyamaza tu, na kimya cha Bi Mwatima kilikuwa kizito kuliko marufuku.

Na huyo Munir ndiye aliyemfundisha. Baba yao alikufa Nadra akiwa na miaka tisa, na kaka mtu, aliyemzidi miaka sita, ndiye aliyemshika mkono, akampeleka uwanjani, akamwonesha namna ya kuinama, namna ya kuufanya mpira ugande kwenye gongo kama umetiwa gundi. Alipokua akapata kazi ya kuendesha gari la watalii, kila siku Matemwe kwenda na kurudi, na jioni bado alikuwa na nguvu za kuja kumzomea mdogo wake akikosea. Jicho lilipokwenda, na kazi ikaenda. Alikaa nyumbani miezi michache, kisha akahamia shamba la mjomba wao Makungu huko Mangapwani. Alisema anataka hewa. Tangu hapo alikuja mjini kwenye Idi tu, akakaa saa mbili, akaondoka.

Hayo ndiyo yaliyojulikana. Liko moja lisilojulikana, na hilo tutalifikia.

Mwezi wa tatu, Mwalimu Ubwa, anayewafunza wasichana wa timu, alisoma majina kumi na sita ya watakaokwenda Dar es Salaam kwenye mashindano. La Nadra lilikuwa la kumi na mbili. Wenzake walimrukia shingoni. Mwalimu akamwita pembeni.

"Nimekuchukua kwa sababu hapana mwengine anayeuona uwanja kama wewe," alimwambia. "Lakini mbele ya goli unakufa. Mtu akisimama tu mbele yako, mkono unalegea, mpira unausukuma kama unamlisha mtoto uji. Una nini?"

"Sina kitu, mwalimu."

"Haya. Nataka ruhusa ya nyumbani kabla ya Jumatano. Boti Alkhamisi, saa moja asubuhi."

Ikabidi kusema na mama. Nadra alimkuta jikoni anachambua mchele, ungo mapajani. Alimpa shikamoo, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akayasema yote kwa pumzi moja, macho yake sakafuni. Bi Mwatima aliendelea kutoa vijiwe, kimoja kimoja. Ungo ulipokwisha ndipo alipozungumza.

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Wewe si mama yangu?"

"Mimi mama yako. Lakini jicho si langu." Akainuka, akautia mchele sufuriani. "Ruhusa kamuombe Munir. Akisema nenda, utakwenda. Akikataa, nisilisikie tena neno hilo ndani ya nyumba hii."

Nadra aliuokota ungo, akautundika ukutani. Ndani ya miaka miwili hakupata kukaa na kaka yake peke yao hata dakika tano. Idi zote alihakikisha yupo mtu wa tatu.

Jumatatu aliomba ruhusa kwa Bi Tahiya akaenda Mangapwani. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno, na kila alipoyapanga yalimporomoka. Alipofika, mke wa mjomba alimwelekeza nyuma ya nyumba.

Munir alikuwa anafua nazi. Kifuo kimesimamishwa ardhini, ncha yake ya chuma inang'ara kwa kutumika, na lundo la nazi limemfika magotini. Anainua nazi kwa mikono miwili juu ya kifua, anaishindilia juu ya ile ncha, anaizungusha, makumbi yanalia yakichanika. Mtu mwenye macho mawili hujikata kidole kwa kazi ile. Mwenye jicho moja, ambaye umbali humhadaa, sijui niseme nini. Nadra alisimama nyuma ya mgomba asithubutu kuita, asije akamshtua. Nazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikwenda pembeni ya ncha, mkono wa Munir ukapishana na chuma kwa upana wa kucha.

"Kaka!" ikamtoka.

Munir hakushtuka. Aliiweka nazi chini polepole, akageuza kichwa chote, maana upande ule jicho halikuwapo.

"Nlikusikia tangu ulipopita kisimani," alisema. "Unakanyaga kama unataka kuiba."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hapana aliyekufa."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nadra alimweleza. Timu, Dar es Salaam, mama alivyosema. Alipokuwa anasema Munir aliokota nazi nyengine, akaifua, akaitupa kwenye lundo jengine, akaokota nyengine. Alipomaliza, kaka yake alikuwa ameshafua nne, na jasho linamtiririka kupita lile kovu.

"Mama kasema uje uniombe mimi?"

"Naam."

"Kwa kuwa jicho langu."

Nadra aliokota kumbi moja, akalichambua nyuzi.

"Basi na tuzungumze hilo jicho," alisema Munir, na kwa mara ya kwanza aliuacha mkono wake utulie. "Siku ile nilipuliza filimbi au sikupuliza?"

Hapo ndipo lilipo lile moja lisilojulikana. Siku ile Munir alikuwa mwamuzi wa mazoezi. Nadra aliukanyaga mpira, Munir akapuliza filimbi. Nadra akabisha, Munir akacheka mbele ya watu, akasema, "Muacheni, sasa hivi atalia." Kisha akainama kufunga kamba ya kiatu. Mchezo ulikuwa umesimama. Watu wameshageuza migongo, hapana anayetazama. Na Nadra, hasira zimempanda hadi kwenye masikio, aliuvuta mkono nyuma akaupiga mpira kwa nguvu zake zote kumwelekea kaka yake, miguuni, amtie khofu tu. Mpira ukapiga jiwe, ukamrukia jichoni.

Hospitali, huku damu inachuruzika kwenye fulana, Munir ndiye aliyesema kwanza: "Tulikuwa tunacheza, mama. Mpira umeruka." Nadra alikuwa kasimama pale pale mlangoni. Alilisikia neno lile, akaliacha lipite, na toka hapo likawa ndio ukweli wa nyumba yao.

"Ulipuliza," alisema Nadra. Sauti ilitoka nyembamba.

"Sikusikii."

"Ulipuliza filimbi! Ulipuliza na mimi nkapiga. Nlikuwa na hasira."

Munir alikaa juu ya lundo la makumbi. Akajifuta jasho. Kuku walipita, mke wa mjomba aliita mtu mbali huko, hapana aliyeitika.

"Miaka miwili," alisema. "Unadhani nimekuja kukaa huku kwa sababu ya jicho? Jicho ni kudra. Nlikuwa naamka asubuhi nyumbani, we unaniwekea chai mezani na kuondoka kabla sijakaa. Unanikimbia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nlikusitiri kwa mama nikidhani utakuja siku moja, hata kwa neno moja. Hukuja. Nikajiona mimi ndiye niliyekukosea."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Na mimi niliogopa. Mimi sijui kama kuna mtu anayeogopa kuliko aliyefungwa bandeji macho yote mawili anasubiri kuambiwa limebaki lipi."

Nadra alilia. Munir hakumnyamazisha. Alipoona kilio kimepungua, alisema, "Ruhusa nakupa. Lakini kabla hujaitumia, mwambie mama kweli. Mimi nimechoka kuubeba uongo wako. Mzigo si wangu."

"Akijua hatonipa radhi."

"Yawezekana," alisema Munir, akainuka kurudi kwenye kifuo chake.

Jumanne ilipita, Nadra hakusema. Alifungua mdomo wakati wa chakula cha mchana, mama akamuuliza Munir amesemaje, akajibu, "Kakubali," kisha ulimi ukafa. Usiku hakupata usingizi. Jumatano asubuhi Bi Mwatima mwenyewe alimtolea begi, akampigia pasi baibui, na hilo ndilo lililomvunja. Hakuweza kumtazama mama yake akikunja nguo zake kwa mapenzi namna ile.

"Mama, acha. Kaa kwanza."

Akamwambia. Hakupunguza kitu: filimbi, kicheko, kamba ya kiatu, hasira. Bi Mwatima alisikiliza hali pasi ingali mkononi, na moshi ulipoanza kutoka kwenye ubao ndipo alipoinyanyua. Hakupiga kelele. Hakumpiga. Aliichomoa pasi ukutani, akavaa baibui lake mwenyewe, lile la siku zote, akachukua kipochi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwanangu."

Akatoka, akamwacha Nadra na begi nusu wazi. Neno lile "mwanangu", lilivyosemwa kama anaye mmoja tu, lilimrudia Nadra mchana kutwa. Simu ya mama haikupokelewa. Ya Munir ilizimwa. Magharibi ikaingia, mama hakurudi.

Alfajiri ya Alkhamisi Nadra alisali, akakaa kitandani. Ruhusa ya kaka anayo, aliyopewa kwa ulimi. Ya mama ilitolewa kabla ya kujua, kwa hiyo haikuwa ruhusa. Lakini wenzake kumi na tano wanamngoja. Alichukua begi, akapita Mlandege kuchukua gongo, maana Bi Tahiya alikuwa kamwachia ufunguo, akateremka bandarini kama anakokota jiwe.

Timu ilikuwa imeshapanga foleni. Mwalimu Ubwa alimpa tiketi. "Mbona uso umekuvimba?"

"Mwalimu, nnaweza nisiende."

"Nini tena?"

"Namngoja mama."

Mwalimu akasimama naye pembeni. Saa kumi na mbili na nusu. Watu wanaingia botini na mabegi yao na maboksi yao. Kumi na mbili na dakika arubaini. Wenzake walipita mmoja mmoja, kila mmoja akimgusa bega. Akabaki yeye na mwalimu na askari wa geti anayeangalia saa.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Bi Mwatima.

"Bandarini, mama. Sijapanda."

Nadra aliisikia pumzi ya mama yake, na nyuma yake jogoo wa Mangapwani.

"Kwa nini hujapanda?"

"Sina radhi yako."

"Umekula?"

"Sijala."

Askari alianza kulivuta geti. Mwalimu alinyoosha mkono kumzuia.

"Nadra."

"Naam, mama."

"Nimekaa na kaka yako hadi saa hizi. Kanieleza na yeye. Nyote wawili mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu miaka miwili." Sauti ilimkatika, akaikohoa. "Sikiliza. Radhi nakupa, kwa sababu mwanangu havuki bahari bila ya radhi yangu. Msamaha bado. Msamaha sina leo, na sijui nitakuwa nao lini. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, mama."

"Basi panda. Na ule kitu."

Akapanda. Alikuwa wa mwisho kabisa.

Dar es Salaam walicheza mechi tatu. Ya kwanza walifungwa mabao manne, wala sitaki kuieleza. Ya pili walitoka sare. Ya tatu, dakika za mwisho, Nadra aliletewa mpira ndani ya duara la kupigia, mlinzi amesimama mbele yake miguu mipana, na kila aliyemjua alitazamia ule msukumo wake wa uji. Nadra alilikaza gongo mikononi. Alitazama pembeni ya yule mlinzi, si yeye, akavuta gongo nyuma, akapiga. Mpira ulipasua hewa, ukampiga kipa kwenye pedi ukarudi uwanjani, mwenzake akauzamisha golini. Mwalimu Ubwa aliruka mpaka kofia ikamdondoka. Nadra hakuruka. Alimkimbilia yule mlinzi kwanza, akamuuliza kama yuko salama. Msichana wa watu akamshangaa.

Aliporudi Unguja, Munir alikuwa yuko Kiponda. Hakuhamia, alikuja kwa siku nne, akakaa wiki mbili, na sasa huenda shamba na kurudi kila Alkhamisi. Asubuhi anapokuwepo, Nadra humwekea chai, kisha huvuta kiti chake mwenyewe. Mara nyengine huzungumza, mara nyengine hutafuna mkate wao kimya. Kuna siku Munir huamka na maumivu ya kichwa upande wa kovu, na siku hizo hasemi na mtu, wala Nadra haondoki mezani.

Bi Mwatima bado hajalitamka lile neno la msamaha. Huulizia mazoezi saa ngapi ili ajue chakula kiwekwe lini. Wiki iliyopita alimuuliza Munir, Nadra akiwa anasikia kutoka ngazini, kwamba hivi huyu mtoto anacheza vizuri au watu wanamsifia tu. Munir akafikiri kidogo, akasema, "Anacheza vizuri. Lakini bado anabishana na filimbi."

Mama hakucheka. Alisema, "Atakoma," akaendelea kumenya ndizi.