Kabati Jipya la Masjala

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya masjala hapa Mpanda, nyuma ya mzee mmoja mrina asali kutoka Ugalla. Mizinga yake imejaa, akaja kuomba kibali cha kuingia msituni.

Karani alifungua lile kabati jipya la chuma, akaisoma kadi ya mzee. "Hapa imeandikwa umehama."

"Sijahama, mwanangu. Si mimi huyu?"

"Nakuona, mzee. Lakini mimi nina ruhusa ya kusoma tu. Anayesahihisha ni mwenzangu."

Mwenzake wa meza ya pili, kalamu mkononi, hakuinua hata kichwa. "Kusahihisha naruhusiwa. Kugusa kabati siruhusiwi."

"Basi huyu akupe hiyo kadi," mzee akasema.

"Kadi haitoki kabatini bila amri ya mkuu," karani akadakia.

"Mkuu yuko wapi?"

"Kahamishwa. Mpya hajaja."

Mzee akanyoosha mikono, mmoja ukashika meza ya huyu, wa pili meza ya yule. "Mimi nimefika kote. Nyie mnashindwa nini?"

Kisha karani akafunga kabati, akalivuta tena kuhakikisha limefungika.

"Asali yangu italiwa na nyegere," mzee alisema akiondoka. "Yeye haulizwi kibali."

Ndugu zangu, kabati lile tuliletewa ili kumbukumbu zetu zisichezewe na kila mpita njia. Limefanya kazi yake. Hata kosa tuliloandika wenyewe sasa limo humo salama salimini, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulifuta.