Kitu cha Amerika Hakifi

Nianze na jambo ambalo nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano: bakuli la Tupperware la mama yetu nililichoma mimi. Si dada yangu Nabintu. Ni mimi, Bahati, niliyekwenda shule, niliyepata digrii, ninayewasahihisha watu Kiswahili chao hapa Durban hata pale ambapo hawajaniomba.

Ninyi mliokulia Bukavu, Uvira au Bujumbura wakati ule mtanielewa nikisema kwamba lile halikuwa bakuli tu. Enzi zetu vyombo vya nyumbani vilikuwa na uraia. Sahani za maua zilikuwa za China. Vitenge vya heshima vilikuwa vya Uholanzi. Na vile vitu viwili vitatu ambavyo mama alivipandisha juu ya kabati, mahali ambapo hata panya alifika kwa kuomba ruhusa, vilikuwa vya Amerika.

Nakumbuka Vaseline ya Jumapili. Mama alitupaka miguu mpaka ikang'aa kama viatu vya polisi, kisha tukatembea kwenda kanisani, na vumbi lote la barabara likaona mahali pa kukaa. Tulitoka nyumbani tukiwa weusi wa kumeremeta, tukafika kwa Mungu tukiwa wekundu. Nakumbuka Kolgeti, ambayo baba aliiminya kwa mpini wa kisu kuanzia mkiani, na ilipokataa kabisa aliipasua kwa mkasi, tukagombania kuchovya miswaki ndani. Nakumbuka Vicks, dawa ya kifua, na ya kichwa, na ya jino, na ya kuumwa na mbu. Naamini mama angeweza kuipaka hata kwenye wivu. Na kwa shangazi kulikuwa na cherehani ya Singer, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu, ambayo sisi watoto tuliiamkia kabla ya kumwamkia shangazi mwenyewe.

Kulikuwa pia na mafuta ya msaada, katika makopo makubwa yenye picha ya mikono miwili inayoshikana. Yaliandikwa kwamba hayauzwi, nasi tuliyanunua sokoni kila wiki. Mafuta yalipokwisha, ndipo kopo lilipoanza kazi. Hiyo ilikuwa sheria ya mtaa wetu: kopo la Amerika halitupwi, linapikiwa. Kopo la mafuta lilichemsha maharagwe ya arusi. Kopo la bati la Quaker, lililofika kwetu likiwa na shayiri ndani, lilipikiwa uji wangu tangu sina meno. Tulivyoviweka motoni vyote vilitoka vizima, vimekuwa vyeusi tu kidogo chini, kama sisi sote.

Mmarekani tuliyemjua alikuwa mmoja, Madamu wa misheni, ambaye mama alimpigia pasi. Siku Madamu alipofunga mizigo yake arudi kwao, alimpa mama bakuli la kijani lenye kifuniko. Ukikibonyeza kifuniko katikati, kilitoa pumzi, pfff, kama mzee anayekaa. Wageni walipokuja, mama alijaza maji bakulini, akalipindua juu ya magoti yao, wakapiga kelele, na tone moja lisianguke. Kisha akasema maneno ambayo tulijifunza kabla ya Baba Yetu: "Kitu cha Amerika hakifi."

Mimi niliamini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikwenda sokoni, Nabintu akaenda bombani kuteka maji, nami nikaachiwa sombe ya mchana, ile mboga ya majani ya muhogo, niipashe moto. Sombe ilikuwa ndani ya bakuli la kijani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na maishani mwangu sikuwahi kuona chombo cha Amerika kinachoogopa moto. Nikaliweka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, nikachochea.

Harufu ilikuja kwanza. Kisha bakuli likakaa chini polepole, likajikunja, na sombe ikaingia kwenye makaa. Nikakimbia, nikajificha nyuma ya choo. Nabintu aliporudi aliona moshi, akatupa ndoo, akalikamata bakuli kwa mikono mitupu kuliokoa. Mama alimkuta hivyo: ameinama juu ya jiko, plastiki ya kijani imemganda vidoleni, analia kwa maumivu.

"Nani amefanya hii?"

"Si mimi," nilijibu kutoka nyuma ya choo, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Nabintu alisema pia kwamba si yeye. Lakini mikono yake ilikuwa ya kijani, na yangu ilikuwa safi.

Mtaniambia, bakuli ni bakuli. Basi sikilizeni. Mimi na Nabintu tulipishana mwaka mmoja, lakini tulikuwa darasa moja, kwa sababu alipoanza shule nililia mpaka masista wakaniandikisha naye ili mtaa upate kulala. Mwaka ule tulimaliza shule ya msingi. Yeye alikuwa wa pili darasani, mimi wa kumi na moja. Baba aliweza kumpeleka mtoto mmoja tu lisee, yaani sekondari, na jina la mtoto huyo lilikuwa halijatajwa kwa sababu kila mtu alilijua. Jioni ile mama alilitaja lingine. "Anayeshindwa kulinda bakuli," alisema, "atalinda vitabu vya watu?" Baba, ambaye alimbishia mama katika mpira tu, alinyamaza.

Septemba nikaondoka na sanduku la bati, kichupa changu mwenyewe cha Vaseline na Kolgeti nzima ambayo haijaminywa na mtu. Nabintu akaenda kwa shangazi, kwenye Singer. Alichukua kifuniko cha bakuli, kwa kuwa hakikuwa motoni, na mpaka leo anakizungushia chaki anapokata kola za mviringo. Kwenye arusi yake wajomba walimtania: "Bwana arusi, angalia, huyu anapika mpaka bakuli!" Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Maisha yalinileta Durban kama yalivyowaleta wengi wenu. Niliuza vifuniko vya simu Isipingo, karibu na stendi ya taxi, nikiwa na digrii yangu ndani ya mkoba isije ikaibwa. Sasa ninafundisha Kifaransa kwa watoto ambao hawakitaki. Ninapoingia supermarket, mguu unanipeleka wenyewe kwenye rafu ya Vicks. Nafungua, nanusa, narudisha. Mlinzi amenizoea.

Mwaka jana Nabintu alinitumia kitinda mimba wake, Riziki, aje asome chuo, kampasi ya Westville. Anakaa kwangu. Ni msichana mzuri, lakini ni wa kizazi hiki: shampuu anatupa chupa ikiwa na robo, dawa ya meno anaminya katikati, na kitu kikikwama hatengenezi, anasema "eish" na kununua kingine. Nimemhutubia sana juu ya makopo. Jambo moja tu tumepatana, nalo ni desturi ya mji huu mzima: ndoo za plastiki za ice cream hazitupwi. Kwenye friji yangu kuna sita. Katika zote sita hamna ice cream.

Alasiri moja umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu, kama kawaida ya siku hizi. Riziki alitoa ndoo ya maharagwe kwenye friji, akaiweka juu ya jiko lililopoa, akaingia chumbani na simu yake. Swichi ya jiko ilikuwa imeachwa imewashwa. Umeme uliporudi nilikuwa getini natoka kazini. Niliijua harufu ile kabla sijaufikia mlango.

Nikasimama jikoni. Ndoo ilikuwa imekaa chini, imejikunja, na maharagwe yanatiririka. Nikasikia sauti ya mama ikitoka kinywani mwangu: "Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mama mdogo." Alitokea hapo hapo, hata simu hakuiacha. "Nilisahau swichi. Sorry, eish. Nitasafisha."

Akachukua kisu, akaanza kukwangua. Ndiyo yote. Mtoto asiyejua kuminya dawa ya meno alimaliza kwa pumzi moja kazi iliyonishinda mimi na digrii yangu. Enzi zetu vitu vilidumu, naendelea kusema hivyo, na ni kweli. Lakini na uongo wetu pia tuliutengeneza ukadumu. Hawa wa leo hawahifadhi kitu, na huenda hilo nalo si baya kila siku.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia Nabintu. Niliisikia cherehani kabla ya sauti yake.

"Bahati? Iko nini? Riziki iko muzima?"

"Iko muzima. Yaya," nikamwita, kama kwetu tunavyowaita dada wakubwa, "nataka kukuambia kitu. Ile bakuli ya Madamu. Ni mimi nilichoma."

Cherehani haikusimama.

"Najua," alisema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Bahati, tulikuwa wawili ndani ya nyumba. Mimi nilijua si mimi. Kule université walikufundisha hesabu gani?"

Miaka yote ile nilikuwa nimemficha siri mtu mmoja ambaye hakuweza kufichwa.

"Mbona hukuniuliza hata siku moja?"

"Kukuuliza nini? Nilingoja useme. Nikangoja, nikachoka, nikaanza kushona." Sasa cherehani ilisimama. "Mama iko hapa kwenye kiti. Mwambie wewe mwenyewe. Mimi si posta yako."

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono, kisha pumzi za mama, fupi fupi. Ana miaka themanini na kitu. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa.

"Mama, ni Bahati. Unakumbuka bakuli ya kijani? Ile ya Amerika?"

"Aaa! Ile ya kupindua na maji!" Alicheka. "Ile alichoma Nabintu."

"Hapana, Mama. Ni mimi nilichoma. Nabintu alikuta imeshaungua. Alikuwa anaiokoa."

Akauliza, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka funguo:

"Sasa nilimwacha nyumbani kwa sababu gani?"

Hakunipa nafasi ya kujibu. Niliisikia simu ikiwekwa juu ya meza, bila kukatwa, na sauti yake ikageukia upande mwingine, ile sauti ya zamani ya kutuita kutoka bombani.

"Nabintu! Nabintu, kuja hapa, mwanangu. Leta ile mikono yako."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nilibaki na simu sikioni, nikisikiliza mazungumzo ambayo hayakuwa yangu.