Kiti cha Kushoto

Kilikuwa na uzito wa kilo kumi na tatu. Nilikipima kwenye mizani ya maharage mjini Kasulu, na mwenye mizani akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango wake: kiti, 13. Juu ya mstari huo palikuwa na vitu vingine nilivyong'oa kwenye gari langu na kumpelekea apime: kiti cha nyuma, zulia, redio na spika zake, tairi ya akiba, hata kibweta cha kuwekea miwani. Kila mara nikipeleka kitu alinipokea kwa kelele. "Karibu mwalimu wa mifupa! Leo umemchinja nini huyo mnyama wako?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha sekondari Kibondo, huu mwaka wa saba, na kwetu ni Morogoro. Mke wangu ni muuguzi, alibaki kazini kule kule Morogoro, na binti yetu yuko chuo. Nilipohamishiwa huku tulikubaliana, bila hata kujadiliana sana, kwamba yeye ndiye ataomba uhamisho. Serikalini sababu hiyo ina jina lake: kumfuata mwenza. Akaomba mwaka wa kwanza, akaomba wa pili, akaomba tena. Kila akifungua mfumo alikuta maneno yale yale, kwamba ombi lake linashughulikiwa. Mwanzoni nilikuwa namuuliza kila Jumapili kwenye simu. Baada ya mwaka wa tatu, nikiwa mkweli, niliacha kuuliza.

Gari nililinunua kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi na shirika moja kule kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na hakuwa na namna ya kulirudisha kwao. Lilikuwa gari dogo la milango miwili, la kukimbia, limeinama mbele, na ukiliendesha barabara za huku unaogopa kila jiwe. Siku ya kwanza nilipoliegesha nyumbani, jirani yangu, mama mmoja wa Kiha mwenye migomba mizuri kuliko yote mtaani, alisimama akaliangalia, akanisalimu kwa Kiha. "Mwidiwe, mwalimu. Sasa hilo mbona limekaa chini hivyo, limechoka?"

Sikuwa na sababu ya maana ya kulinunua. Jumamosi za Kibondo ni ndefu kwa mtu asiye na shamba wala kwaya. Walimu wenzangu wa huku wana watu wao, na wale wa kuja kama mimi wanaondoka kila baada ya miaka miwili, ukishamzoea mtu anaaga. Nilikuwa nakula peke yangu, nasahihisha madaftari peke yangu, najibu taarifa ya habari kwa sauti kana kwamba mtangazaji ananisikia. Gari angalau lilikuwa linaharibika, na kitu kinachoharibika kinakuhitaji.

Huko mijini vijana wanashusha magari yao, mimi nililipandisha. Niliweka springi ndefu za pikapu, nikazikata, nikakosea, nikatafuta nyingine. Fundi wa kuchomelea pale Kasulu alinitengenezea bamba la chuma la kukinga injini na mawe. Chujio la hewa nililiosha kila baada ya safari, na maji yake yalitoka mekundu kama ya kuoshea viazi vya shambani. Nilijifunza kufunga shokapu, kubadilisha breki pedi, kusikiliza plagi moja inaposhindwa. Mikono yangu ilinuka oili darasani, na wanafunzi wa mstari wa mbele walinusa wakatazamana.

Kisha nikaona kwenye simu tangazo la mashindano ya watu wa kawaida, kwenye uwanja wa vumbi nje ya Mwanza. Hakuna zawadi ya maana. Unaingia peke yako, unazunguka peke yako, unashindana na saa. Nilikwenda, nikashika nafasi ya pili kutoka mwisho, na tangu nihamie huku sikuwa nimefurahi vile. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu. Kani ile ile, tungamo likipungua, mchapuko unaongezeka: ndicho ninachowafundisha watoto kila mwaka. Injini sikuweza kuiongezea nguvu, ila uzito ningeweza kuupunguza. Ndipo nilipoanza kwenda kwa mwenye mizani.

Yule bwana wazazi wake walitoka Pangani, naye amezaliwa Kasulu, lakini akiongea utadhani ameshuka jana kutoka pwani. Alinunua maharage ya Kagerankanda na kuyapeleka mbali, na kati ya gunia na gunia alinipimia vyuma vyangu bila kuchoka. Siku nilipompelekea kiti cha kushoto alikizunguka kwanza.

"Na hiki cha nani?"

"Cha abiria."

"Abiria yupi?"

"Hayupo. Ndiyo maana nakitoa."

"Alaa! Na mama akija? Utambeba begani?"

"Akija nitakirudisha, Shehe. Ni boliti nne tu."

Aliandika 13, akacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikatazama vile vishikizo vilivyobaki kwenye sakafu ya gari, vyuma vinne vya kushikia kiti, vizito visivyo na kazi. Nikachukua grenda nikavikata. Kilo mbili na kidogo. Hivyo sikumpelekea apime.

Mara ya pili Mwanza nilipunguza sekunde moja na nusu. Nilimpigia mke wangu pale pale uwanjani, vumbi limenijaa masikioni. Huwa ananiita Mwalimu, nami namwita Nesi, tangu siku alizonichoma sindano ya malaria kabla hatujajuana.

"Sekunde moja na nusu," akarudia. "Sasa umezipeleka wapi, Mwalimu?"

Nilicheka sana. Yeye alicheka kidogo.

Mwezi wa saba akaniambia amepata likizo, atafika Kasulu Jumamosi. Nilikuwa nimeshapanga kuazima gari la mwalimu mwenzangu. Lakini Alhamisi asubuhi simu ikaita nikiwa ofisini. "Nipo stendi ya Kasulu," akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko cha mtu aliyeficha kitu. "Njoo unichukue."

Yule mwenzangu alikuwa amesafiri na gari lake. Nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani, nikachukua mto wa kochi na blanketi, nikavipanga pale kiti kilipokuwa. Nilivipanga vizuri. Niliona kabisa kwamba panafaa, kwamba atacheka, kwamba itakuwa hadithi ya kumsimulia binti yetu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akaninyooshea mkono. Ananijua kwa safari zangu za Kasulu za kila Jumamosi, na kila mara huuliza swali moja.

"Peke yako?"

"Naenda kumchukua mke wangu."

Akainama, akachungulia ndani. "Atakaa wapi?"

Nikamwonyesha mto. Alinitazama, kisha akaenda kuinua kizuizi taratibu.

Nilimkuta amesimama na mabegi matatu makubwa, na lile sufuria lake la pilau limefungwa kwenye kanga. Nilimtania. "Likizo ya wiki mbili na sufuria?" Akatabasamu tu. Alikuwa amesuka nywele upya. Nikamfungulia mlango wa kushoto kama bwana harusi.

Tabasamu likaisha polepole.

"Kiti kiko wapi?"

"Nilikitoa, Nesi. Kupunguza uzito."

"Uzito wa nani?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza kani na tungamo, pale stendi, watu wakipita na mizigo yao. Yeye aliinama, akausogeza mto, akapapasa sakafu kwa vidole kama anavyotafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa. Akagusa pale chuma kilipokuwa na makali.

"Hapa umekata."

"Nimekata, lakini fundi anaweza..."

"Mwalimu, mimi si gunia la maharage."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alifunga mlango, akaenda kwenye gari la abiria lililokuwa linaita Kibondo, akalipa, akapanda akakaa dirishani. Mimi nikapakia mabegi. Sufuria lilikosa pa kukaa, nikaliweka juu ya mto.

Nikaendesha nyuma yao. Vipande vya lami vilikuwa vinaanza na kuisha siku hizo, na kwenye udongo mwekundu lile gari lilinirushia vumbi lote. Nilikuwa na gari lililotengenezwa kwa miaka miwili ili lipite magari mengine, lakini sikulipita. Tulipofika Makere walisimama kushusha watu, nikasimama. Wakaondoka, nikaondoka. Kwenye kioo chao cha nyuma nilikuwa naona nywele zake mpya, vumbi likizidi naona wekundu mtupu, likipungua naziona tena. Hakugeuka hata mara moja. Sufuria liligonga mlango kila kona, likilia.

Kizuizini askari aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko gari la mbele.

Wiki mbili zile hatukugombana. Alipika, alishona mapazia yangu, alipatana na jirani wa migomba kiasi kwamba nilisikia kicheko kutoka kwangu nikiwa bado barabarani, na nilisimama nje ya ua kidogo ili nikisikilize. Nilidhani yamekwisha. Siku ya kuondoka, chai ikiwa mezani, alitoa bahasha kwenye mkoba akaisukuma upande wangu. Ilikuwa barua ya uhamisho. Umekubaliwa, hospitali ya hapa hapa Kibondo, tarehe ya kuripoti imeandikwa.

"Nilikuja nikae," akasema. "Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuone ukifurahi."

"Sasa si ukae!"

"Nimeziangalia wiki mbili hizi, Mwalimu. Una kikombe kimoja. Una sahani moja. Nikasema labda ni mambo ya mwanamume. Lakini kiti ungekifungua, ukakiweka ndani, ningeelewa. Ulichukua mashine ukakata. Anayemsubiri mtu hakati."

Nilipaswa kumwambia kwamba nimemkumbuka hadi nimechoka kukumbuka, kwamba niliacha kuuliza habari za uhamisho kwa sababu jibu lilikuwa linaniumiza wiki nzima, kwamba ile nafasi tupu pembeni yangu nilikuwa siwezi kuitazama, na nikaona heri niseme nimeitoa mwenyewe. Hayo yote nayajua leo. Asubuhi ile nilimweleza habari za kuchomelea. Nilisema fundi atamaliza kwa saa moja. Akanywa chai yake, akaosha kikombe, akafunga sufuria kwenye kanga. Alipofika Morogoro aliandika kuomba uhamisho ule ubatilishwe, na ombi hilo halikuchelewa kujibiwa.

Nilirudi kwa fundi. Alinichomelea vishikizo vipya, vinene kuliko vya kwanza, akaniuliza kama nabeba tembo. Nilipitisha kiti kwa mwenye mizani kabla ya kukifunga, sijui kwa nini. Alikipima, siku hiyo bila utani. "Kumi na tatu ile ile," akasema, kisha akaufuta ule mstari mlangoni kwa kiganja chake.

Mwanza sijaenda tena. Gari nalihudumia bado, maana vumbi halisubiri mtu apone.

Mwezi uliopita nilikuwa naingiza matokeo ya wanafunzi kwenye kompyuta ya ofisi, nikafungua ukurasa wa uhamisho. Nilikuwa sijawahi kuufungua. Kwa miaka yote hiyo mke wangu aliomba na mimi nikasubiri, na haikunijia hata siku moja kwamba mwenza anayefuatwa anaweza kuwa yeye. Morogoro kuna shule tele. Nikachagua sababu kwenye orodha. Mkuu wa shule, kijana wa Mbeya mwenye adabu, aliniita.

"Mwalimu, hapa umebonyeza kimakosa. Umeandika kumfuata mwenza."

"Sijakosea."

"Huwa wanaandika akina mama."

"Najua," nikasema. "Pitisha tu, mkuu."

Jumapili nikampigia. Nilimwambia nimeomba uhamisho. Akauliza kwa sababu gani, nikamwambia. Nikawa nasikia bomba la maji likitiririka nyuma yake.

"Na gari?"

"Nitakuja nalo."

"Lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Basi," akasema, na simu ikakatika.

Mtandao, au yeye. Nimeigeuza ile basi huku na huku tangu siku hiyo. Kuna basi ya kufunga mazungumzo na kuna basi ya kukubali, na zinatamkwa sawasawa. Sikumpigia tena kuuliza, naogopa.

Mfumo unasema ombi langu linashughulikiwa. Jumamosi iliyopita nilishuka Kasulu kununua chujio jipya la hewa. Mkanda wa kiti cha kushoto ukiachwa wazi unagongagonga mlango kwenye mashimo, mlio ule ule wa sufuria, kwa hiyo siku hizi naufunga kabla sijaondoka. Kizuizini yule askari aliinama dirishani. Akatazama kiti, akatazama mkanda uliofungwa juu yake, akanitazama mimi. Mara hii hakuniuliza kama niko peke yangu.