Mafuta katika damu ya mwembamba

Kwenye dirisha la labo ya kupima damu, mtaani Himbi, muganga alinisomea kwa sauti: "Mama, kolesteroli, yaani mafuta ndani ya damu, imepanda sana." Mimi, mwembamba hivi, na mutoto mgongoni! Nyuma yangu mama mukimbizi, aliyekimbia vita huko Sake, akapiga makofi: "Ee Mungu! Siye tunakosa mafuta ya mawese ya kupikia majani ya sombe, huyu ameyaficha ndani ya damu!"

Foleni ikacheka. Nikasema haraka haraka: "Papa yangu mzazi alianguka akiwa kijana, moyo ukasimama, akafa."

Kicheko kikakatika. Muganga akasema: "Basi inaweza kuwa ya ukoo. Inatunzika kwa dawa, lakini ndugu zako wapimwe."

Vita vimetuzoesha kuogopa risasi tu. Mafuta tunayaona ni baraka. Yule mama akanishika mkono, akaninong'oneza, foleni nzima ikisikia: "Ndugu zako uwaambie, mwanangu. Mimi sitaambia mutu mwingine."